Kuasili mtoto Kenya: bahasha mbili, mahakama na usiku wa kwanza

Kabla hujapigia shirika lolote simu, kabla hujatafuta wakili, nenda dukani ununue bahasha mbili kubwa za kaki. Moja iandike majina yenu. Ya pili iache hivyo hivyo, bila jina. Ya kwanza ni ya karatasi zenu, zile mtakazoombwa katika kila ofisi. Ya pili ni ya mtoto ambaye bado hamjamwona, na ndiyo iliyonifanya niandike haya, kwa kuwa sisi hakuna aliyetuambia, na nusura tuikose.

Mimi na mume wangu tunaishi Mikindani, Mombasa. Yeye anafanya kazi bandarini Kilindini, mimi ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo forodhani. Binti yetu alikuja nyumbani Mei 2019 akiwa na miezi tisa, na amri ya mahakama ya kumwasili tuliipata Julai 2020. Sasa yuko gredi ya pili. Jina lake silitaji, wala sisemi alipatikana wapi na nani alimpata. Hizo ni habari zake mwenyewe. Akikua akitaka kuzisimulia, atazisimulia yeye.

Malizeni kilio kwanza

Tulikuwa na miaka tisa ya ndoa na mimba tatu zilizotoka. Kwenye mahojiano ya kwanza, afisa wa shirika hakuanza na mshahara. Aliuliza, "Huyu mtoto anakuja kukaa mahali pa nani?" Mume wangu akainamisha kichwa. Tulirudi nyumbani, tukakaa miezi minne bila kugusa faili, tukawa tunaongea usiku mambo ambayo hatukuwahi kuyaongea tangu hospitali. Nawashauri msiharakishe hapa. Mtoto anayekuja ana msiba wake. Hawezi kubeba na wenu.

Wazee nao waambiwe mapema, tena ana kwa ana. Tulipanda Wundanyi kwa wakwe zangu wikendi moja. Mavyaa alikuwa barazani akichambua maharagwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyo mtoto ni wa nani?"

"Hatujamjua bado, mama. Atakuwa wetu."

"Atakuwa wetu, hilo nimelisikia. Nauliza ni wa nani." Akaweka ungo chini. "Mtoto hatoki hewani. Ana watu wake. Mkimchukua yeye mmewachukua na hao, hata kama hamtawaona maisha yenu yote."

Siku hiyo nilidhani anatukataza. Nilichukua muda kuelewa kwamba alikuwa amenipa ushauri mzito kuliko wote niliopata, wa mawakili ukiwemo.

Baba mkwe yeye aliuliza la shamba. Mjibuni mzee wa namna hiyo bila kuzungukazunguka: mtoto aliyeasiliwa kisheria anarithi sawasawa na mtoto wa kuzaa, na amri hiyo si ya majaribio, hairudishwi kwa sababu ndugu fulani amechukia. Mume wangu aliyasema hayo mbele ya kaka zake wote wawili. Heri maneno hayo yasemwe kwenye chai kuliko yaje kusemwa kwenye matanga.

Njia yenyewe

Kwa Kenya, mlango ni shirika la uasili lililosajiliwa. Ukimkuta muuguzi, mchungaji, au mama yeyote mwenye roho nzuri anayesema "kuna msichana anajifungua mwezi ujao, ongea naye tu, umpe kitu kidogo", ondoka hapo. Hata kama msichana huyo yupo kweli. Pesa za kununua mtoto ni kosa la jinai, na mtoto aliyeingia nyumbani kwa mlango huo anaweza kuondolewa kwa mlango huo huo akiwa ameshakuita mama. Novemba 2020 nchi nzima ilisikia habari za watoto wachanga wanaoibwa na kuuzwa Nairobi. Wapo wanunuzi waliojiaminisha kwamba wanasaidia. Nyuma ya kila mtoto wa namna hiyo kuna mama anayezunguka vituo vya polisi na picha mkononi. Malipo halali yapo: ada za shirika na gharama za wakili. Kila shilingi idai risiti.

Masharti makubwa ni haya. Mwombaji awe na umri wa miaka 25 au zaidi, awe hajafikisha 65, na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Mume na mke huomba pamoja. Asiye na mwenzi naye anaweza kuomba, ila ana masharti ya ziada, kwa hiyo ayaulize mapema. Mtoto hawezi kuingizwa kwenye mpango huu kabla hajatimiza wiki sita, kwa sababu sheria inampa mama aliyejifungua muda wa kutulia kabla ya kutia sahihi kitu kizito hivyo. Na kwa mtoto aliyeachwa, kama wetu, lazima kuwe na ripoti ya polisi yenye namba ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, halafu miezi sita ya kuwatafuta jamaa zake, kisha barua ya pili ya polisi ikieleza kwamba hakuna aliyejitokeza. Ndipo hutangazwa kuwa anaweza kuasiliwa na kutolewa cheti. Sisi tulishaambiwa kuna mtoto, tukawa tunahesabu siku. Lakini miezi ile sita haikuwa ya kutuchelewesha sisi. Ilikuwa ya mama yake. Nilipoanza kuiona hivyo, nilianza kuomba apatikane, na kumwombea mtu apatikane huku unatamani asipatikane ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya kwa magoti yangu.

Bahasha ya kwanza ijae polepole: vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, cheti cha tabia njema cha polisi kwa kila mmoja, ripoti za daktari, hati za mshahara au taarifa za benki, barua za watu wanaowajua vizuri, picha zenu na za nyumba. Kila moja toeni nakala tatu. Mtaombwa pia kumtaja mtu atakayemlea mtoto nyinyi mkifariki. Hilo liamueni nyumbani mapema, na mtu mwenyewe akubali kwa kinywa chake. Sisi tulimtaja wifi yangu mkubwa.

Afisa wa ustawi atakuja nyumbani. Mimi nilipiga deki siku mbili na kushona mapazia mapya. Yeye hakuyatazama. Alitaka kujua mtoto atalala wapi, nani atakuwa naye sisi tukiwa kazini, na tunagombana vipi. Mume wangu akamwambia ukweli kwamba yeye akikasirika hunyamaza siku mbili. Nilitamani ardhi ipasuke. Baadaye nikasikia kwamba jibu hilo ndilo lililomfanya afisa atuamini.

Mkikubaliwa mtapewa mtoto mkae naye miezi mitatu mfululizo kabla ya kesi kufunguliwa. Kisha wakili anapeleka maombi Mahakama Kuu, mahakama inateua mlezi wa kumsemea mtoto kwenye kesi hiyo, na ripoti zinaandikwa, pamoja na ya Idara ya Huduma za Watoto. Kwenye ripoti ndipo mambo hulala. Sisi yetu ilikaa kwenye meza moja tangu Novemba hadi Februari, na kumbe karatasi moja tu ndiyo iliyokosa muhuri, hakuna aliyetuambia. Usimngoje wakili. Kila baada ya wiki mbili nenda mwenyewe, salimia, uliza kwa heshima faili iko kwa nani. Tulipokuwa tayari, Machi 2020 ikaingia na corona, mahakama zikafungwa milango. Kesi yetu ikasikilizwa kwa simu. Binti yangu alikaa mapajani mwangu na gauni jeupe, jaji yuko kwenye kioo kidogo kama kiganja. Alipomwita kwa jina, mtoto akanyoosha kidole akagusa kioo, picha ikapotea. Ilinibidi nipige tena huku mikono inatetemeka. Aliporudi, jaji alikuwa anatabasamu, akasoma amri.

Amri ikishatoka, fuatilieni iingizwe kwenye Rejista ya Watoto Walioasiliwa kwa Msajili Mkuu, mchukue cheti cha kuasili. Wengine husherehekea mahakamani wakasahau hatua hii, wakaja kuhangaika siku ya kuomba pasipoti.

Tangu wakati wetu kumekuwa na Sheria ya Watoto ya 2022, kwa hiyo fomu alizotumia rafiki yako zamani zisikuongoze. Chukua mpya kwa shirika. Kwa jirani zangu Waislamu, sheria hiyo inaitambua kafala: unamchukua mtoto, unamlea kama wako, na nasaba yake inabaki ya babake. Jirani yetu wa ghorofa ya chini amelea hivyo kijana wa nduguye. Kwa upande wa mali alikwenda kuandika wasia mapema, maana mtoto wa kafala hana fungu la mirathi, na wasia una mpaka wake wa thuluthi.

Na wewe uliyeajiriwa, usikubali kuambiwa likizo ya uzazi ni ya waliozaa tu. Tangu 2021 sheria ya ajira inatoa likizo ya mwezi mmoja kwa mshahara kamili kwa anayempokea mtoto wa kuasili. Mwajiri mwandikie siku 14 au zaidi kabla ya mtoto kuja, na uambatanishe karatasi za shirika. Mimi haikunikuta. Nilitumia zile siku 21 za likizo ya mwaka, na siku ya 22 nilikuwa kwenye dawati langu nalia juu ya hati za mizigo.

Siku ya kumchukua, uliza maswali

Sasa bahasha ya pili. Siku ile mtu hana akili ya kuuliza, kwa hiyo andika maswali usiku uliotangulia. Alifika makao ya watoto lini, saa ngapi, amevaa nini? Nani alimpa jina analotumia? Analala ubavu gani? Anaogopa nini? Maziwa gani, kiasi gani? Kuna picha yake yoyote, hata iliyopigwa kwa bahati mbaya nyuma ya mtoto mwingine? Omba kijitabu cha kliniki chenyewe, sio nakala, kwa sababu tarehe za chanjo zimo humo. Omba majibu ya vipimo vya damu, na kwa huku Pwani sisitiza kipimo cha seli mundu. Kila daktari atakuuliza, "Kwenu kuna mwenye kisukari? Mwenye pumu?" na utajibu, "Hatujui, ameasiliwa." Lijibu kwa sauti ya kawaida. Mtoto yuko pale anakusikia, na sauti yako ndiyo itamfundisha kama hilo ni jambo la aibu.

Nilipouliza kama alikuja na kitu chochote, mlezi wa zamu alisema hapana. Faili nayo haikusema. Tulikuwa tumeshafika getini, mtoto nimempakata, nikasikia mtu ananiita, "Mama, ngoja." Ni yule mama anayefua nguo. Mkononi ana mfuko wa kaki. Ndani mlikuwa na leso. Akaniambia hiyo ndiyo aliyofungiwa siku alipoletwa, ikaja kwake na nguo chafu, waliitaka wafanye tambara la kupigia deki, yeye akaifua akaiweka kabatini nyuma ya sabuni. Hakuna aliyemtuma. "Nilijua kuna mtu atakuja," alisema.

Ni kipande kimoja cha leso, ya rangi ya hudhurungi na njano, imepauka kwenye mikunjo, upande mmoja haujapindwa, nyuzi zinaning'inia pale ilipotenganishwa na mwenziwe. Mnajua leso huuzwa jozi. Jina lake, yale maneno ya chini, yanasomeka vizuri. Siyaandiki hapa. Ni yake.

Kwa hiyo usiishie ofisini kwa meneja. Ongea na anayefua, anayepika, askari wa getini. Wao ndio waliomshika.

Usiku wa kwanza, na wiki zilizofuata

Usiku wa kwanza niliamka saa tisa nikaona kimya. Nikafikiri amelala. Nikamulika kwa simu. Alikuwa macho, chali, mikono pembeni, anaangalia chandarua. Nepi imejaa mpaka shuka limelowa. Hakuwa amelia hata kidogo. Mtoto wa miezi tisa, amelowa, na njaa, na hakulia.

Niliambiwa baadaye na afisa wa ustawi kwamba huko alikotoka walezi walikuwa wachache, watoto wengi, na mtoto anayelia bila kuitikiwa mwisho huacha kulia. Wageni walimsifu: "Jamani, mtoto mpole huyu!" Kila sifa ilinichoma.

Tulichofanya ni hiki. Tulihamisha kitanda chake kikagusana na chetu. Kwa wiki tatu niliweka kengele ya simu kila baada ya saa mbili usiku, nikawa namwinua kabla hajaita, namwambia, "Mama yupo." Mchana nilimbeba kwa leso mgongoni, nikipika, nikifagia. Akikunja uso tu, naitika. Siku ya kumi na saba, saa kumi alfajiri, alilia kwa sauti kamili, kilio cha hasira. Mume wangu akaruka kitandani, akawasha taa, tukatazamana, wote wawili tunacheka na machozi yanatoka. Jirani wa juu aligonga sakafu. Tulimwacha agonge.

Kuna jambo jingine litakalowadanganya: mtoto kumwendea kila mtu. Wetu alimnyooshea mikono muuza maji, kondakta, yeyote. Watu hudhani ni uchangamfu. Maana yake ni kwamba bado hajajua wake ni nani. Kwa hiyo miezi ile mitatu ya kwanza kulisha, kuogesha, kulaza na kubembeleza ni nyinyi wawili tu. Wageni waje, wale, wamtazame, wasimbebe. Ni vigumu kwetu; kumnyima mtu mtoto ni kama kumnyima maji. Mimi nilimtumia mavyaa. Alishuka kutoka Wundanyi, akakaa mlangoni siku mbili, kila anayenyoosha mikono anamwambia, "Bado anajifunza harufu ya mamake. Mwezi wa nane utambeba mpaka uchoke." Yeye mwenyewe hakumbeba mpaka Agosti.

Mwambie, na uanze akiwa hajui kusema

Usingoje siku atakayokuwa mkubwa wa kuelewa. Siku hiyo haiji. Atakayekuja kabla yake ni mtoto wa jirani atakayemwambia uani kwamba yeye ni wa kuokotwa. Nilianza kumsimulia akiwa mgongoni, wakati ule maneno yananikwama mimi, sio yeye: ulizaliwa na mama mwingine, hakuweza kukulea, ukakaa kwenye nyumba ya watoto wengi, sisi tukaja tukakuchukua, ukawa wetu. Kufikia miaka mitatu alikuwa ananirekebisha nikiruka sehemu.

Chunga maneno. Hatusemi "alitupwa." Hatusemi "tulimwokoa." Mama yake ni "mama aliyekuzaa", mimi ni mama. Shangazi mmoja alipomsema, mbele yake, kwamba ana bahati sana, nilimtoa shangazi nje na kumwambia kwa heshima: shangazi, mtoto aliyepoteza mama hajabahatika, tuliobahatika ni sisi. Aliudhika mwezi mzima. Sasa anaelewa, na hata asingeelewa ningesema vilevile.

Swali la kwanza kubwa lilikuja akiwa na miaka mitano, kwenye beseni, povu kichwani. "Mama, nilikaa tumboni mwako?" Alikuwa anajua jibu. Alitaka kuona kama nitabadilisha. Nikasema, "Hapana mama, tumboni mwa mama aliyekuzaa." Akamwaga maji kwa kikombe. "Alikuwa na tumbo kubwa?" Nikasema nadhani ndiyo, kwa sababu wewe ulikuwa ndani. Akaridhika, akaomba kutolewa povu machoni. Jibu swali aliloliuliza. Usimrundikie mengine.

Shuleni nendeni mapema mwaka ukianza. Watoto huambiwa walete picha ya walipokuwa wachanga, au wachore ukoo. Wetu hana picha ya kabla ya miezi minane. Nilimwomba mwalimu aseme "leta picha yako yoyote ya zamani", na kwenye ukoo tulimruhusu achore miti miwili. Mmoja una majina yetu wote mpaka babu wa babu wa Wundanyi. Wa pili una shina, matawi, na hauna majina. Mwalimu alitaka kujua kama ahesabu huo wa pili. Nilimwambia auhesabu.

Bahasha yake sasa ni sanduku la bati chini ya kitanda chetu. Mna kijitabu cha kliniki, cheti, barua mbili za polisi ambazo atazisoma akiwa mkubwa zaidi, ua kavu alilochuma siku ya amri, na leso. Nakala za karatasi ziko kwa wifi. Akiomba sanduku tunalifungua siku hiyo hiyo, hata kama chakula kiko motoni.

Juzi aliliomba. Ameanza kusoma vizuri, na safari hii alikataa nimsomee. Aliitandaza leso kitandani, akafuata herufi kwa kidole mpaka mwisho. Kisha akashika ule upande wenye nyuzi.

"Hapa palikatwa?"

"Ndiyo. Zilikuwa mbili."

"Nyingine iko wapi?"

"Sijui, mama. Labda anayo yeye."

Akafikiri. Akaikunja mara nne, ule upande wa nyuzi akauweka ndani ili zisizidi kufumuka, akairudisha sandukuni.